Hewala ya Kusikia

Habari ya kufa kwa Ami Khelef ilinifikia nimesimama mlangoni kwangu Ansab, hapa Maskati, simu sikioni, nikimgombeza fundi wa kiyoyozi. Alikuwa ameniambia atakuja saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa saa tisa, na kila nilipompigia alinijibu yuko njiani, kwa sauti ya mtu aliyelala chali. Ujumbe ukaingia katikati ya ugomvi: mwenzangu wa zamani kazini ameandika kwamba Ami Khelef ametutoka alfajiri, keshazikwa kwao Qurayyat, wanawake wanapokea rambirambi nyumbani siku tatu. Nikamkatia simu yule fundi bila kumuaga. Nilichukia joto, nilichukia njia ndefu ya Qurayyat, nilimchukia fundi kwa kuniambia ndiyo isiyokuwa ndiyo, na nilipokuwa natafuta ufunguo wa gari nikajikuta nalia na kusonya kwa pamoja. Mambo ya nani baba yangu, na lini familia yetu ilirudi kutoka Unguja, nayaacha. Ninachotaka kukieleza ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na sita, tukijenga skuli ya ghorofa tatu hapa hapa Ansab, si mbali na nyumba ninayokaa leo. Kila nikitoka kwenda kununua mkate naiona. Watoto wa watu wanasoma ndani yake na hawajui chochote.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati Maskati nzima imesimama majukwaa ya chuma na vumbi la saruji halitoki kwenye kope. Mimi nilikuwa mhandisi kijana, kazi yangu kupanga ratiba: nani afanye nini, siku gani, kabla ya nani. Ratiba zenyewe zilikuwa ndefu kama kanga ya mtu mnene, tunazichapa, tunazibandika, na baada ya wiki mbili hazifanani tena na kinachotendeka nje. Ndipo kampuni ikamleta Mista Kolin, mshauri kutoka Uingereza, mtu mrefu aliyeungua pua, na njia yake mpya ya kupanga kazi bila kupoteza muda wala vitu. Mpaka leo nasema njia ile ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Alisema tuache kuwapangia watu kutoka ofisini. Anayefanya kazi ndiye aseme ataweza nini wiki hii, aandike kwenye karatasi ya kunata kwa mkono wake, aibandike ukutani mbele ya wenzake. Wiki ikiisha, iliyotimia tunaipa alama ya kijani, isiyotimia nyekundu, na tunaulizana kwa nini bila kulaumiana. Jambo moja alilirudia mpaka nikaliota: ahadi haiwi ahadi ikiwa mtu hana ruhusa ya kusema hapana.

Basi tukatenga ukuta mzima wa ofisi yetu, na ofisi yenyewe ilikuwa kontena lenye kiyoyozi kinachovuja ndani ya ndoo. Kila Jumamosi asubuhi, maana siku hizo wiki ilianza Jumamosi, wasimamizi wa mafundi waliingia mmoja mmoja wakivua viatu vya tope mlangoni, ingawa niliwaambia mara mia waingie navyo. Chai ya maziwa ya kikopo iliyochemka na iliki, mikate ya chapati kutoka kwa Mmalayali, Mhindi wa mgahawa wa kona, na harufu ya jasho na wino wa kalamu nene. Mista Kolin akigawa karatasi za manjano kama anayegawa kadi za harusi. Na wasimamizi wote, watu wazima waliomwaga zege kabla mimi sijazaliwa, walizishika kwa ncha za vidole wakaniangalia mimi niwaandikie. Hapo ndipo nilipoharibu, siku ya kwanza kabisa, na sikujua.

Ami Khelef alikuwa msimamizi wa maseremala wanaofunga mbao za kumwagia zege. Kazaliwa Tabora, na ingawa alivaa dishdasha, kanzu yake ya kazi, na kofia iliyodariziwa kama Muomani yeyote, chakula chake cha mchana kilikuwa ugali, ugali wa kweli, kwa samaki wa Qurayyat na pilipili. Sisi wa Unguja tulimcheka. Yeye alitujibu kwamba watu wa Unguja ni hodari wa kupika biriani na kujipaka udi, lakini nyumba walijengewa. Kwa kuwa tulisikilizana Kiswahili, Mista Kolin aliniachia mimi nimuulize. Nikamuuliza:

"Ami, mbao za upande wa magharibi zitakuwa tayari Jumatano?"

"Hewala, mwanangu," akasema.

Nikaandika: magharibi, Jumatano, Khelef. Nikabandika. Jumatano nikatoka juani na kofia yangu ya plastiki, na upande wa magharibi hapakuwa na hata ubao mmoja. Mafundi walikuwa upande wa mashariki. Nikampa nyekundu. Wiki iliyofuata nikamuuliza, akasema hewala, nikaandika, nikampa nyekundu. Baada ya wiki sita safu ya Ami Khelef ilikuwa nyekundu tupu, na mtu aliyekuwa akiheshimiwa na kila fundi pale alikuwa akipita mbele ya ule ukuta macho chini. Nilimkasirikia. Nilimwambia mama yangu usiku kwamba kuna mzee kazini mwongo, mwongo mwenye adabu kuliko waongo wote niliowahi kuwaona. Mama alikuwa akichambua mchele. Akaniuliza tu, "Kwani hewala ni ndiyo?" na mimi, na digrii yangu, nikamwambia asiniingilie kazi.

Nilikwenda kumkabili mchana mmoja kwenye kibanda alichojijengea kwa mabaki ya mbao. Maseremala wake, wengi Wabengali, walikuwa kivulini wakila, na mmoja alipoiona kofia yangu akanong'ona "hewala" na wenzake wakacheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba walidhani neno lile kwa Kiswahili maana yake ni "anaondoka." Wao walikuwa wameona tu kwamba kila mzee wao alipolisema, mimi nilikwenda zangu. Ami Khelef akanisogezea sahani, na kwa kuwa sikutaka kukataa nikala ugali wake kwa hasira, nikamuuliza huku nimejaza mdomo kwa nini ananidanganya mbele ya watu.

Hakukasirika. Akanawa mkono, akasema, "Binti, hewala ziko mbili. Iko hewala ya kutenda, na iko hewala ya kusikia. Wewe umeniuliza, nimekusikia. Nondo za magharibi hazijafika mpaka leo. Nikufungie mbao, uzijaze nini, upepo?"

"Sasa si useme nondo hazijafika!"

"Mbele ya yule anayeleta nondo? Amekaa pale na chai yake, nimvue nguo?"

"Basi sema siwezi. Neno moja tu, Ami. Siwezi."

"Wewe mtoto wa watu umekuja kwa miguu yako na jua hili, nikwambie siwezi? Si nimekufukuza? Hata kahawa hapa mtu hasemi sitaki, anatikisa kikombe, yameisha. Yule Mzungu wenu hakitikisi. Juzi nimemhesabia vikombe kumi na moja, macho yamemtoka, na sisi tunajua tunamkirimu."

Nilicheka, sikuweza kujizuia, na hasira ikanipungua ikabaki aibu. Mafunzo ya Mista Kolin yalisema kila karatasi nyekundu ina sababu. Sababu ya karatasi zote zile nyekundu ilikuwa mimi, niliyezaliwa ndani ya lugha ile na nikaisikia kama mgeni. Hewala haigombi, tumelelewa na msemo huo: mkubwa akisema, wewe sema hewala, ugomvi umekwisha kabla haujaanza, kisha kila mtu atafanya linalowezekana. Nami nilikuwa naokota zile hewala moja moja na kuzibandika ukutani kama ahadi.

Tukaanza masomo. Mchana baada ya mchana nilikwenda kibandani na kumfundisha mzee wa miaka hamsini na ushei kusema siwezi. Haikuwa rahisi. Alikuwa akianza, "Si..." kisha anaangua kicheko na kunikaribisha samaki. Nikampa maneno ya Mista Kolin: usiseme siwezi peke yake, sema siwezi mpaka. Hilo akalipenda. Alisema siwezi ni mlango uliofungwa, lakini siwezi mpaka ni mlango ulioachiwa ufunguo. Siwezi mpaka nondo zije. Siwezi mpaka maji yatolewe. Akaanza kuniambia mimi peke yangu, kisha akamwambia mtu wa nondo, ambaye hakuvuliwa nguo wala nini, alileta nondo. Safu ya Ami Khelef ikaanza kuwa ya kijani. Sitasahau Jumamosi aliyochukua kalamu mwenyewe, akaandika kwa herufi za Kiarabu, kubwa na zilizolala, akabandika karatasi yake kwa kiganja kizima. Kwa muda wa miezi miwili hivi tulikuwa na skuli inayojengeka kama inavyopaswa, na nilijiona nimevumbua dunia.

Kisha Mista Kolin mkataba wake ukaisha, akatuachia kalamu na mabunda ya karatasi, na ukuta ukabaki mikononi mwa Muhandis Harith. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi, mtu wa kwetu, mama yake na mama yangu wakitembeleana siku za Idi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mwenye skuli anayempigia simu asubuhi na jioni kwa sababu keshaandikisha wanafunzi. Lakini Muhandis Harith aliutazama ule ukuta akaona kitu kimoja tu ndani yake: namna ya kujua nani wa kumtoa. Akatangaza kwamba msimamizi atakayeshindwa atahamishwa. Tangu hapo watu wakaanza kuandika vitu ambavyo tayari wameshavimaliza, wakajipatia kijani. Nilimwambia hivyo sivyo. Akanambia, "Salha, wewe weka ratiba, watu niachie mimi."

Shida ikaja kwenye slebu ya pili, ile sakafu ya zege ya ghorofa ya pili. Vyoo vyote vya upande ule vilitakiwa kupitisha mabomba ndani ya zege, na ramani za mabomba hazijafika. Kuzifuatilia ilikuwa kazi yangu. Nilipiga simu kwa wachoraji mpaka wakawa hawapokei. Alhamisi Ami Khelef akanijia, akanambia waziwazi, bila kucheka safari hii, kwamba akifunga mbao na zege ikamwagwa bila mabomba, itakuja kuvunjwa yote. "Siwezi mpaka ramani zije," akasema. "Lakini Muhandis anataka Jumatatu. Nifanye nini?"

"Sema hivyo hivyo Jumamosi, mbele ya watu," nikamwambia. "Mimi ndiye mwenye ratiba. Ukisema, nami nitasema. Sitokuacha peke yako."

Hiyo ilikuwa ahadi, na ilikuwa ya kutenda. Sikuiandika kwenye karatasi yoyote.

Jumamosi ilikuwa na joto la kuua. Ndoo ya kiyoyozi ilikuwa imejaa na hakuna aliyeimwaga. Nakumbuka chapati zilikuwa za yai siku hiyo, na nilikula moja na nusu, kitu cha kijinga kukikumbuka. Muhandis Harith aliingia, hakukaa, akasema, "Khelef, slebu ya pili Jumatatu."

Ami Khelef akasimama pia. Alikuwa ameshika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili. "Siwezi, Muhandis," akasema. "Siwezi mpaka ramani za mabomba zije."

Alilisema vizuri. Alilisema kama nilivyomfundisha, sauti ya chini, hamtazami vibaya. Tukasikia maji yanadondoka ndani ya ndoo. Muhandis Harith akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililonitisha.

"Miaka yote tuliyokaa pamoja hujapata kunambia siwezi."

"Miaka yote hukuwa unaniuliza, Muhandis. Ulikuwa unaniambia."

Mtu mmoja akakohoa. Muhandis Harith akanigeukia mimi. "Muhandisa Salha. Ratiba yako inasema Jumatatu. Jumatatu tunamwaga. Sawa?"

Ami Khelef akanitazama. Hakuwa na wasiwasi, na hilo siwezi kulisahau. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake aliyeshika upande wa pili wa ubao. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga tangu Alhamisi, nimeyasema bafuni nikioga. Ramani hazijaja, Muhandis, ratiba imekosea, kosa ni langu, tusubiri. Kumi tu, au hata yasifike kumi. Nikafungua mdomo.

"Hewala," nikasema.

Nimeitafuta sababu kwa miaka ishirini na zaidi. Si kwamba niliogopa kufukuzwa, kazi zilikuwepo. Si kwamba sikujua. Lilitoka lenyewe, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita aliyetumwa dukani na mkubwa. Mwaka mzima nilimlaumu mzee wa watu kwa neno lile, nikamchoka, nikamcheka, nikamtengeneza, na lilipofika kwangu halikunichukua hata pumzi moja. Na nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba nimesema hewala ya kusikia. Nilidhani nitakwenda kumwona Muhandis Harith pembeni, nimweleze polepole. Yeye alisikia ile nyingine. Aliipeleka mikono yake ukutani, akaitoa karatasi ya Ami Khelef, akaandika jina la msimamizi mwingine. Hewala haikugomba kweli. Ilikaa kimya ikamla mtu.

Jumatatu zege ikamwagwa. Wiki ilipoisha, kwa kuwa kilichoahidiwa kimetimia siku yake, karatasi ile ilipata alama ya kijani, na mimi ndiye niliyeitia. Ramani zikaja siku tisa baadaye. Tukaanza kuvunja. Mashine za kuvunjia zege zilipiga kelele wiki nzima na nyingine juu yake, vumbi likaingia ndani ya chai, na kazi hiyo haikuonekana popote ukutani kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameiahidi. Skuli ilichelewa kufunguliwa. Mpaka leo dari chini ya vyoo vile ina doa la maji, wanalipaka rangi kila mwaka na linarudi.

Ami Khelef alipelekwa stoo ya kampuni, kugawa misumari na glavu. Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa amekaa nyuma ya dirisha la wavu, mtu aliyekuwa akisimamisha ghorofa, anatia saini ya glavu. Akanipa chai. Nikaanza, "Ami, siku ile mimi..." akanikatiza, "Hewala, mwanangu. Hewala." Nikaondoka. Njia nzima nilijiuliza ilikuwa ipi kati ya zile mbili, ya kunisamehe au ya kunisikia tu, na sikurudi kumuuliza. Baada ya mwezi akaacha kazi, akabaki Qurayyat kwa wakwe zake, alikokuwa akirudi kila jioni, na nikasikia kwamba anatunza mitende. Niliendelea na kazi nikapanda vyeo. Kila mradi nilioufanya nilijenga ukuta wa karatasi, na nilisifiwa kwa kuwafundisha watu kukataa.

Nilifika Qurayyat jua limelegea. Bi Zuwena, mjane wake, alikuwa amekaa chumba cha ndani, keshaingia eda, na wanawake wamejaa mikekani, udi na kahawa. Nilimwambia jina langu nikitarajia hatonijua. Akanishika mkono akanikalisha ubavuni kwake.

"Ndiye wewe," akasema. "Salha wa siwezi mpaka." Akawageukia wengine. "Huyu ndiye aliyetuharibia mwanamme! Khelef karudi kutoka Ansab na neno hilo moja. Nikimtuma sokoni, siwezi mpaka uniandikie. Wajukuu wakimtaka hadithi, siwezi mpaka mnawe miguu. Hata daktari kamwambia."

Wanawake wakacheka, kicheko kile cha msibani cha kuziba mdomo kwa leso. Mimi nikaangalia kikombe changu cha kahawa. Bi Zuwena akaniambia khitma itakuwa Alhamisi ijayo, nije mapema, nikae nao mpaka Isha, maana Khelef alikuwa akinitaja kwa kheri.

"Hewala, Bi Zuwena," nikasema.

Alhamisi ijayo mume wangu anapasuliwa jicho. Nilikuwa najua hivyo nilipokuwa nasema. Bi Zuwena akanitazama, macho yake mekundu lakini makali, akauliza taratibu, "Hewala ipi hiyo? Mwenyewe alikuwa nazo mbili."

"Ya kusikia," nikasema. "Alhamisi siwezi, Bi Zuwena. Siwezi mpaka mume wangu atoke hospitali. Ntakuja Jumamosi." Na kwa kuwa mlango umeshafunguka, nikamwambia na la pili: kwamba nilimwahidi mumewe nitasimama naye, na nilipoulizwa mbele ya watu nilisema hewala, na kazi yake ilipotea kwa neno langu.

"Nnajua," akasema. "Kanambia siku ile ile. Kaja, kavua kofia, kakaa hapo ulipokaa wewe. Nikamuuliza, na yule mtoto je? Akanambia, maskini, kanifunza mimi mwaka mzima, kasahau kujifunza yeye."

Akachukua birika. Nikampa kikombe changu bila kukitikisa, akanimiminia tena.